Sakulenti ndogo za juani: ipi ya Nakuru, ipi ya Kisumu

Jua tunalo wote. Aliyeko Lanet analo, wa Milimani kule Kisumu analo, wa Mumias naye analo. Ndiyo maana mtu akiingia kitalu cha maua na kusema anataka sakulenti ya juani, yaani mmea wa majani au mashina manene yanayohifadhi maji, hupewa yoyote iliyo karibu, na muuzaji hajamdanganya: sehemu kubwa ya mimea hii hupenda jua. Lakini jua silo linaloamua kama mmea utakuwa hai mwaka ujao. Kinachoamua ni usiku wa kwenu una baridi kiasi gani, na mvua ikishanyesha, maji hukaa kwenye udongo kwa muda gani. Hivi viwili ndivyo vipimo nitakavyotumia hapa, na utaona kwamba mmea unaong'ara Nakuru unaweza kuwa hasara tupu Kisumu, na wa Kisumu ukadumaa Nakuru.

Sababu iko kwenye namna mimea hii inavyopumua. Mahindi hufungua vitundu vya majani mchana, yakavuta hewa ya kaboni huku yakipoteza maji. Sakulenti nyingi hufanya kinyume. Mchana hujifunga, usiku hufungua, na hewa waliyoivuta huhifadhiwa ndani ya jani kama asidi mpaka jua lichomoze. Kwa hiyo usiku kwa mimea hii ni saa za kazi. Usiku wenye ubaridi huifaa, hasa ile iliyotoka milimani. Usiku wa joto na unyevunyevu huichosha: shina hurefuka, majani huachana, na uozo hupata pa kuingilia.

Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hushuka hadi nyuzi 10 au 11. Kisumu, kando ya ziwa kwenye mita 1,130 hivi, hulala na nyuzi 17 au 18. Kakamega iko katikati kwa mwinuko, lakini hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban maradufu ya Nakuru. Kisii na Kericho nazo ni za mvua nyingi, na Kericho na Nandi zinajulikana kwa mvua ya mawe, jambo ambalo mwenye mimea ya majani laini lazima alihesabu.

Tena, maelekezo mengi ya kwenye intaneti yameandikwa na watu wa nchi zenye majira ya baridi. Wanakwambia usimwagilie mmea wakati wa baridi, au uuweke kwenye dirisha linalotazama kusini. Sisi mstari wa ikweta unatupitia Maseno na Mogotio. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini. Kopo lililo chini ya ukuta unaotazama kusini litachomwa Januari na kukaa kivulini Julai. Majira yetu ni ya mvua na kiangazi, na kalenda ya kumwagilia ifuate hayo.

Echeveria au Graptopetalum?

Huu ndio uamuzi wa kwanza kwa wengi, kwa sababu mimea hii miwili hufanana ukiitazama kwa mbali: majani manene yaliyojipanga kwa mzunguko mithili ya waridi, rangi za kijivu, samawati na waridi hafifu.

Echeveria ni jamii kubwa, zaidi ya spishi 150, nyingi zikitoka nyanda za juu za Meksiko. Huko mchana kuna jua kali na usiku kuna baridi, hali inayofanana sana na ya Nakuru. Ndiyo maana ukiiweka nje Section 58 au Njoro, ukaitunza kwa wastani tu, itakaza majani na kushika rangi ambayo mwenzako wa Kisumu ataitafuta asiipate. Kwa mkazi wa Nakuru mwenye sehemu ya juani iliyofunikwa na upenu dhidi ya mvua, nasema bila kusita: chukua Echeveria.

Ila zenyewe hazilingani. *Echeveria elegans* ni ndogo, ya rangi ya maziwa yenye samawati, na huzaa watoto pembeni mpaka kopo lijae. Ndiyo nzuri kuanzia. 'Perle von Nürnberg', iliyozalishwa Ujerumani na Richard Gräser katika miaka ya 1930, ina zambarau ya kuvutia inayokolea kadiri jua linavyozidi, lakini haizai watoto kwa wepesi, na baada ya muda shina hurefuka na kubaki wazi chini. Hapo unalikata, unaacha kidonda kikauke siku kadhaa, kisha unapanda kichwa upya. Kisiki kilichobaki mara nyingi huchipua. *Echeveria agavoides* ina majani magumu yenye ncha kali, ya kijani na wekundu kingoni. Haina unga juu ya jani, hivyo tone la mvua haliiachi na madoa. Kama huna upenu, hii ndiyo Echeveria ya kujaribu. *Echeveria setosa* imejaa vinyweleo vyeupe vinavyoshika maji. Ni nzuri kuitazama, lakini mahali pa mvua sipendekezi.

Huo unga ninaoutaja ni nta ambayo mmea huitengeneza kujikinga na jua. Ukiligusa jani la *elegans* kwa kidole, alama inabaki, na kwenye jani hilo haitarudi kuwa kama zamani. Utasubiri majani mapya. Kwa hiyo shika kopo, usishike mmea. Mwagilia udongo, usimwagilie majani. Maji yakituama katikati ya mzunguko kisha jua likapiga, unaua kitovu.

Graptopetalum, hasa *Graptopetalum paraguayense*, ni mmea wa tabia tofauti kabisa. Jina linasema Paraguai, lakini kwao ni Meksiko, jimbo la Tamaulipas. Majani yake huvunjika kwa kuguswa tu, na kila jani lililoanguka ni mche: liache juu ya udongo mkavu kivulini, na baada ya majuma machache utaona vijizi vya waridi na kimche kidogo kikitokea pale lilipokatikia. Kwenye jua kali na udongo usio na rutuba nyingi mmea hugeuka kijivu chenye waridi na umanjano. Kivulini hurudi samawati. Mashina hulala na kuning'inia, hivyo unafaa ukingo wa ukuta, chungu kirefu au kikapu.

Kwa Kisumu, Ahero, Homa Bay na Siaya, huu ndio ushauri wangu: acha Echeveria, anza na Graptopetalum. Hustahimili usiku wa joto, husamehe mvua ya ghafla ikiwa udongo unapitisha maji, na hata ukioza upande mmoja bado una majani mengi ya kuanzia upya. Kasoro yake ni kwamba haukai nadhifu. Anayetaka kopo lililojipanga sawasawa mezani hatauridhia. Mtu huyo atafute mseto wa hizi mbili, unaoitwa Graptoveria. 'Fred Ives' ndiyo ninayoipenda: kubwa kuliko wazazi wengi wa jamii yake, rangi ya shaba na zambarau, na ina ule ugumu wa Graptopetalum unaoiwezesha kukaa kando ya ziwa.

Sempervivum: ya Molo, si ya Kisumu

Hii nitaipitia haraka. Sempervivum hutoka milima ya Ulaya na sehemu za Asia ya magharibi, hustahimili hata jalidi, na wauzaji wengine huiita Echeveria. Ukitaka kuzitofautisha, tazama ukingo wa jani: la Sempervivum ni jembamba zaidi na mara nyingi lina nywele fupi kingoni. Likija suala la maua, Echeveria hutoa kikonyo ubavuni na maua ya umbo la kengele, na mmea huendelea kuishi. Sempervivum hutoa maua ya nyota kutoka katikati, na kichwa kilichochanua hufa, kikaacha watoto. Kwa Molo, Timboroa na Eldoret inafaa sana. Nakuru mjini itaishi. Kisumu usiinunue.

Aloe ndogo dhidi ya Haworthia

Zote mbili ni fupi, ngumu, na zina madoa meupe. Muuzaji ataziweka meza moja na kukwambia zote ni za juani. Sivyo.

*Aloe juvenna* ni mmea wa Kenya. Asili yake ni vilima vya karibu na mpaka wa Tanzania. Majani yake ni ya pembetatu, yenye meno laini kingoni, yamepangana juu kwa juu kwenye shina linalosimama mpaka kama sentimita 30, kisha mashina huongezeka yakawa kichaka. Kwenye jua la mchana kutwa hugeuka kahawia nyekundu, na mvua ikirudi hurudi kijani. Mara nyingi huchanganywa na *Aloe squarrosa* ya kisiwa cha Sokotra, ambayo majani yake hujipinda kurudi nyuma. Kwa bustani ya kawaida, ukipewa yoyote kati ya hizo mbili hujapoteza, ila *juvenna* ndiyo inayopatikana kwa urahisi.

*Haworthiopsis attenuata*, ambayo wengi bado wanaiita Haworthia, ina mistari myeupe iliyoinuka kidogo, kana kwamba imechorwa kwa chokaa. Inatoka Afrika Kusini, na kwao hukua chini ya vichaka. Jua la asubuhi inalipenda. Jua la saa sita la Nakuru huigeuza nyekundu iliyofifia, ncha zikakauka, na ikaacha kukua. Kwa hiyo kama sehemu yako ni baraza lenye mwanga hadi saa nne kisha kivuli, Haworthia itakupendeza kuliko Aloe. Kama ni juu ya ukuta usio na kivuli, chukua Aloe na usigeuke nyuma. Hizi mbili, tofauti na Echeveria, hazijali sana kama uko Nakuru au Kisumu.

Neno moja kuhusu Aloe. Ukiacha *Aloe vera*, jamii nzima iko kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na Kenya nayo ina sheria zinazodhibiti uvunaji wa Aloe za porini. Usiende kilimani na jembe kuzichimba. Aloe ndogo huzaa watoto kwa wingi. Mwombe jirani au nunua iliyokuzwa kitaluni.

Za kufunika ardhi

Kwa ukingo wa njia, mteremko mdogo au kitanda cha maua kilicho juani kutwa, ushindani ni kati ya *Portulaca grandiflora* na *Mesembryanthemum cordifolium*, ile yenye vijani vya umbo la moyo na viua vyekundu vidogo ambayo zamani iliitwa Aptenia.

Portulaca hutoka Amerika ya Kusini na inapenda joto kuliko zote nilizozitaja. Maua yake, manjano, chungwa, waridi na mekundu, hufunguka jua likipanda na kujifunga baadaye mchana. Siku ya mawingu hayafunguki. Sasa fikiria mvua za Kisumu na Kakamega zinavyokuja: asubuhi jua, alasiri radi na mvua. Portulaca inakuwa imeshamaliza maonyesho yake ya siku kabla tone la kwanza halijaanguka. Sijaona ua linaloendana na saa za magharibi mwa Kenya vizuri hivyo. Kipande cha shina ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu kidogo hushika kwa muda mfupi sana. Kasoro: mmea huchoka baada ya miezi kadhaa, ukawa na mashina marefu yasiyo na maua, na lazima uukate na kupanda upya. Nakuru hukua pia, ila miezi ya baridi ya Juni na Julai hunyong'onyea.

Mesembryanthemum, ya Afrika Kusini, haina maua ya kukusimamisha njiani, lakini hufunika ardhi mwaka mzima, huzuia udongo kuteremka, na haihitaji kupandwa upya kila mara. Nakuru, ambako vumbi la Januari na Februari huingia kila mahali, kitanda kilichofunikwa nayo ni nafuu kwa macho na kwa nyumba. Angalia tu isivuke ukuta kwenda kwa jirani, kwani hutembea.

Kalanchoe tatu, moja usiikubali hata ukipewa bure

*Kalanchoe blossfeldiana* ndiyo ile ya mashada ya maua mekundu, manjano au waridi inayouzwa sana siku za sherehe. Kwao ni Madagaska, na ilianza kusambazwa Ulaya mwaka 1932 na Robert Blossfeld wa Ujerumani. Watu hulalamika kwamba ilikuja na maua, yakaisha, na hayakurudi tena. Mara nyingi kosa ni taa. Mmea huu huhitaji usiku mrefu na wa giza kamili ili utoe maua. Ukikaa chini ya taa ya usalama inayowaka hadi asubuhi, unajiona uko mchana usioisha. Ukate vichwa vilivyokauka, uuhamishie upande wa giza wa nyumba, ambapo mchana bado unapata jua, na uwe na subira. Hukubali Nakuru na Kisumu kwa usawa.

*Kalanchoe tomentosa*, nayo ya Madagaska, haina habari na maua. Uzuri wake ni jani: limefunikwa na manyoya laini ya kijivu, na kingoni kuna nukta za kahawia. Watoto hupenda kuligusa. Manyoya hayo hushika maji, kwa hiyo Kakamega na Kisii iwe chini ya paa siku zote. Nakuru hukaa nje vizuri wakati wa kiangazi.

Ya tatu ni *Kalanchoe delagoensis*, yenye majani membamba ya mviringo, madoa ya kahawia, na vimiche vidogo vinavyoota kwenye ncha za majani. Ina ndugu yake, *Kalanchoe daigremontiana*, yenye majani mapana ambayo vimiche vimejipanga ukingoni mwote. Ukitikisa jani moja, vimiche humwagika, na kila kimoja kina vijizi tayari. Huota kwenye changarawe, kwenye mifereji ya mabati, kwenye nyufa za saruji, ndani ya makopo ya mimea mingine yote uliyonayo. Humu nchini imekwisha kutoroka bustani ikawa gugu la porini. Tena ina sumu inayogusa moyo wa mnyama. Nchini Australia, ambako imeenea malishoni, imeua ng'ombe. Kwa watu wanaofuga, na upande wetu huu ni nani asiye na ng'ombe au mbuzi nyumbani ama kwa wazazi, hakuna urembo unaolipia hatari hiyo. Kama tayari unayo, ing'oe, uokote na vimiche, ukaushe kabisa juani juu ya bati kisha uchome. Usiitupe kando ya mto wala kwenye rundo la samadi.

Kwa kweli Kalanchoe zote zina sumu kwa kiasi fulani, hata zile mbili nzuri. Mwenye mbuzi wanaozurura aziweke juu. Echeveria, Graptopetalum na Haworthia hazina tatizo hilo.

Za maua makubwa: Euphorbia milii au Adenium

Hapa Kisumu inaipiku Nakuru. *Euphorbia milii*, ya Madagaska, mashina yaliyojaa miiba na maua mekundu, waridi au manjano hafifu, huchanua karibu mwaka mzima mahali pa joto. Kuna aina fupi zisizozidi sentimita 40 zinazofaa makopo; uliza hizo, kwa sababu za kawaida hukua zikawa ua wa kuzuia kuku. Nakuru nayo inakubali, ila maua hupungua kwenye baridi.

*Adenium obesum* ni mmea wa nyika zetu kavu, Kenya ikiwemo, wenye shina lililovimba chini na maua ya waridi yenye koo jeupe. Huo uvimbe ndio watu wanaolipia, na hapa mnunuzi awe makini: mche uliotokana na mbegu huvimba mapema na kwa umbo zuri, uliotokana na kipande cha tawi hauvimbi hivyo. Tazama chini, udongo uliposhika shina. Kisumu, kwenye jua kutwa na chini ya mvua za wastani, Adenium hufurahi. Nakuru hukua polepole na hudondosha majani miezi ya baridi. Usiogope, punguza maji tu. Kakamega iondolewe mvuani, la sivyo uvimbe wenyewe huoza kutoka ndani, na ukigundua umechelewa: ukiubonyeza unahisi ulaini.

Utomvu wa mimea yote miwili ni hatari. Wa Euphorbia ni mweupe, huwasha ngozi na kuumiza vibaya ukiingia jichoni. Wa Adenium umetumika Afrika kutengeneza sumu ya mishale. Vaa glavu unapokata. Penye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, rudi kwenye Echeveria na wenzake.

Kwa mwenye Kakamega, Vihiga au Kisii anayesoma na kuona kila kitu kinamtaka paa: ipo *Portulacaria afra*. Ni mmea wa Afrika Kusini wenye vijani vidogo vya mviringo na mashina ya kahawia nyekundu. Wengi huufananisha na *Crassula ovata*, lakini Portulacaria hukua haraka zaidi, hukubali joto na kukatwakatwa, na huvumilia mvua kuliko wengine wote hapa. Tena haina sumu. Kwao huliwa na ndovu, na mbuzi wako akiuonja hatadhurika, ni mmea tu utakaopungua.

Kuhusu Sedum za kuning'inia: *Sedum morganianum* ni nzuri ajabu ikiwa ndefu, lakini vijani vyake hudondoka kwa upepo na kwa kuguswa, na jua la saa sita huichoma. *Sedum rubrotinctum*, yenye vijani vinavyowiva vyekundu juani, ni ngumu zaidi. Mahali pa upepo kama miinuko ya chini ya Menengai, chukua ya pili.

Udongo na chombo

Hata ukichagua vyema, udongo wa shamba ndani ya kopo utakuangusha. Watu wa Nakuru wana bahati: Bonde la Ufa lina pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, na yakivunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi hakuna kinachozidi. Sehemu mbili za pumisi kwa moja ya mboji iliyooza vizuri. Kisumu pumisi ni ya kusafirishwa, lakini Ahero wana makapi ya mpunga. Changanya makapi, mchanga wa mto ulio mzito na mboji, kwa viwango sawa. Makapi huoza polepole, kwa hiyo badilisha udongo kila mwaka. Ule udongo mweusi wa Kano usiuguse kabisa. Huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka, na mizizi ya sakulenti haiwezi na hali zote mbili.

Vyungu vya udongo wa mfinyanzi, vya aina inayouzwa kando ya barabara upande wa Kisumu, hupumua kupitia ukuta wake na hukausha udongo upesi. Ndivyo bora kwa Kisumu, Kakamega na Kisii. Nakuru plastiki inatosha. Kopo la Kasuku linafaa ukilitoboa matundu ya kutosha chini, si moja. Sahani za chini ziondoe nje: hutuamisha maji, mizizi huoza, na mbu huzaliana.

Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi na chumvi nyingi, na yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye udongo na madoa kwenye majani ya Echeveria. Kinga maji ya mvua kwa tangi au hata debe. Mimea hii haihitaji mengi.

Kitaluni

Inua kopo utazame chini. Mizizi myeupe inayochungulia kwenye matundu ni habari njema. Iliyo nyeusi na yenye harufu ni ya kuiacha. Kisha fungua majani ya katikati kwa kijiti na utazame kwa makini, kwa sababu huko ndiko vidung'ata hujificha, wale wadudu weupe wenye unga wa pamba. Mmea mmoja wenye vidung'ata huambukiza meza nzima ya nyumbani. Ukiwaona kwenye wako, watie spiriti kwa pamba ya masikio, mmoja mmoja, na urudie kila wiki mpaka waishe.

Uliza pia mmea ulikuwa wapi. Swali jepesi kama "Mama, hii ilikuwa chini ya neti au juani?" lina thamani kuliko kuuliza bei. Ukiwa chini ya neti, ukiupeleka juani siku hiyohiyo utaungua, na kovu la kahawia halifutiki. Uanze na jua la asubuhi peke yake, kisha uongeze taratibu kwa wiki mbili.

Wakati mzuri wa kununua, kwa pande zote hizi, ni mwezi wa Desemba, ili mizizi ishike kabla ya mvua za Machi. Ukifika nyumbani, toa mmea kwenye udongo wa kitalu, kagua mizizi, kata iliyooza, uupande kwenye mchanganyiko mkavu. Usimwagilie siku hiyo. Ngoja siku tano hadi saba vidonda vya mizizi vikauke, ndipo umwagilie mara moja mpaka maji yatoke chini, na usirudie mpaka udongo ukauke hadi ndani.